Mtoto wa marehemu mdogo wangu hashiki kitu

"Shangazi, namlea mtoto wa marehemu mdogo wangu, ana miaka 13. Mama yake alifanya kazi hotelini kule Nungwi, na alikunywa pombe mpaka mimba ilipokuwa kubwa. Mtoto ana adabu lakini hashiki kitu. Nikimtuma dukani hurudi mikono mitupu, na uongo juu yake. Chuoni anachapwa kwa kusahau sura ya jana. Lakini kuchambua karafuu, hukaa jamvini mpaka Magharibi. Majirani wanasema ana shetani, au analipa dhambi za mama yake. Nifanye nini? Mama Mkubwa, Wete."

Mwanangu, kwanza asichapwe tena. Nenda kwa maalim leo hii baada ya Alasiri ukamwombe. Fimbo haimrudishii mtu alichosahau.

Pombe anayokunywa mja mzito hupita kwenye kondo ikamfika mtoto, na ini lake changa haliwezi kuiondoa. Ubongo ndio unaoumia zaidi, nao hujengwa miezi yote ya mimba. Madaktari wa Seattle, Marekani, waliipa hali hii jina mwaka 1973, "fetal alcohol syndrome"; siku hizi aina zake zote kwa pamoja huitwa FASD. Wengi wa watoto hawa sura zao ni za kawaida kabisa, ndiyo maana huambiwa wakaidi. Kwa barua tu siwezi kukuthibitishia kuwa ndiyo hiyo. Mpeleke hospitali, Chake Chake ikibidi, umweleze daktari habari ya pombe bila kuficha, na masikio na macho yapimwe pia.

Sasa dukani. Mtume kitu kimoja kwa safari moja. Ukitaka mafuta, mpe chupa tupu mkononi, na pesa kamili za mafuta hayo. Ayarudie maneno yako kabla hajavuka kizingiti. Ule unaouita uongo, mara nyingi neno lilishampotea njiani. Ukimuuliza kwa ukali hushika lolote la kuzibia pengo, na pengine mwenyewe anaamini ndivyo ilivyokuwa.

Hilo la karafuu limenifurahisha mno. Jamvini kazi ni moja, ile ile, na mikono imeshaijua. Basi na siku yake iwe hivyo: kuoga, skuli, chakula, chuoni, kwa mpango usiobadilika, na picha zake umchoree ukutani. Usichoke kumwambia leo ulichomwambia jana. Skuli omba akae mbele, aelekezwe hatua moja moja, na uulize habari za elimu mjumuisho, yaani ile inayomsomesha mtoto mwenye mahitaji maalumu pamoja na wenzake.

Kinachonitia hofu ni miaka inayokuja. Mtoto wa hivi akiambiwa na rafiki "nishikie mzigo huu", anashika. Akitoka awe na binamu yake mkubwa, na wewe uwajue anaokaa nao barazani.

Majirani usiwaambie lolote. Wasichana wangapi hunywa kabla hata ya kujua wana mimba, na hakuna aliyewaambia kwamba hakuna kiasi cha pombe kilicho salama kwa mtoto aliye tumboni? Kumsema maiti hakumsaidii mwanawe.

Yeye mwenyewe atakuuliza. Kwa sasa mwambie ubongo wake uliumia kabla hajazaliwa, na kosa si lake. Habari ya pombe ingoje awe na umri wa kuibeba, na siku hiyo anza kwa kumsimulia mama yake alikuwa mtu wa namna gani, alivyocheka, alivyoimba akipika.