Viza yako, hesabu siku mwenyewe

Nilijua viza yangu ya ukaazi Dubai imekwisha nikiwa kwenye foleni ya kutuma hela nyumbani Tanga. Kijana wa dirishani alikitazama kitambulisho changu, akakirudisha kwa kidole kupitia upenyo wa chini ya kioo. "Kimeisha, kaka." Nikatoka foleni bila hata kubisha.

Ukiondoa siku za nafuu nilizopewa kisheria, nilikuwa nimepitiliza siku 62. Faini ni dirham 50 kwa siku, kwa hiyo 3,100. Mshahara wangu ghalani ulikuwa 1,400. Piga hesabu mwenyewe.

Kuhuisha viza ni kazi ya mwajiri. Mandubu wetu, yule anayeshughulikia makaratasi ya kampuni, jibu lake lilikuwa moja: bukra, yaani kesho. Lakini niseme kweli, nilimuuliza mara mbili tu. Zamani ungefungua pasipoti ukaona stika, ila tangu 2022 Dubai hawabandiki tena, na pasipoti yangu ilikuwa kabatini ofisini. (Sheria ya huko hairuhusu mwajiri kuishika. Haya, nenda kaidai.) Tarehe ilikuwa kwenye kitambulisho nilichotembea nacho kila siku, nami sikuisoma.

Kama viza yako imetolewa Dubai, iangalie kwenye tovuti ya GDRFA, idara ya uhamiaji ya Dubai. Ya emirati nyingine, ICP, mamlaka ya nchi nzima ya vitambulisho na uraia. Siku za nafuu hutegemea aina ya viza, kwa hiyo usipige hesabu kwa siku za mwenzako wa kitanda cha juu.

Ukigundua umepitiliza, usikimbie kazi. Hapa ndipo wengi wetu tunapojimaliza. Ukitoweka, mwajiri anakwenda kukuripoti kuwa umetoroka, na wewe uliyekuwa na haki unageuka mkosaji mwenye kesi mbili. Mimi niliendelea kuingia zamu huku nimepeleka malalamiko Wizara ya Kazi, MOHRE, nikiwa na mkataba na ujumbe wote wa "bukra" kwenye simu. Kampuni ikalipa faini. Ilichukua wiki tano, na wiki hizo usingizi sikuuona.

Chumbani Al Quoz tulikuwa na mwenzetu aliyesema yeye anasubiri msamaha wa serikali kwa waliopitiliza. Msamaha hutokea, sikatai. Ule wa 2024 ulianza Septemba 1 ukafungwa Desemba 31. Watu walifutiwa faini, wakaondoka bila kupigwa marufuku kurudi. Ila aliyepitiliza baada ya hiyo Septemba 1 hakuhusika. Na mwaka mzima wa kusubiri ni dirham 18,250. Hizo huko kwetu unainua boma la nyumba.

Siku hizi tarehe yangu nimeiandika ndani ya kifuniko cha sanduku la nguo. Ilipobaki miezi miwili nilianza kumfuata mandubu kila Jumatatu asubuhi, kabla hajanywa chai. Viza ilitoka wiki mbili kabla ya siku yake. Mandubu sasa akiniona anapita mlango wa pili.