Jibu kuhusu kupokea machapisho ya mitandao ya kijamii papo kwa papo, kwa anayeanzia Mwanza

Ndugu yangu, umeuliza kama ulipie usajili wa kila mwezi ili programu yako ipokee machapisho ya mitandao ya kijamii mara yanapoandikwa, ukilenga bei za samaki na hali ya usafiri ziwani. Kazi inayofanana na hiyo nimeifanya kwa ajili ya wafanyabiashara wachache wa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, na ushauri wangu ni kwamba usilipe chochote kwa sasa.

Nianze na gharama. Kwa miaka mingi Twitter, ambayo sasa ni X, iliwapa wasanidi programu bila malipo mkondo, yaani mtiririko usiokatika, wa machapisho yaliyochujwa kwa maneno waliyoyachagua wenyewe, pamoja na sampuli ya takribani asilimia 1 ya machapisho yote. Mwezi Februari 2023 ilitangaza kuwa huduma hiyo ya bure itakoma, na katika viwango vilivyofuata mwaka huohuo daraja la dola 100 za Marekani kwa mwezi halikuwa na mkondo. Ulianzia daraja la dola 5,000. Reddit nayo ilianza kutoza maombi ya data Julai 2023, na Meta, wenye Facebook, ikaifunga CrowdTangle, zana yake ya kufuatilia machapisho ya wazi, tarehe 14 Agosti 2024. Kwa sababu hiyo, sehemu ya programu inayopokea data itenganishe kabisa na ile inayoichambua, ili chanzo kimoja kikifungwa usilazimike kuandika upya kila kitu.

Mahali pazuri pa kujifunzia ni Bluesky, mtandao wa kijamii unaofanana na X. Mkondo wake mzima uko wazi, na kupitia huduma yake ya Jetstream unaupokea kwa muundo wa JSON (maandishi yaliyopangwa ambayo programu huyasoma kwa urahisi) bila hata kufungua akaunti. Mastodon, mtandao mwingine unaoendeshwa na seva nyingi zinazojitegemea, pia ina mikondo, ila kila seva ina wake na masharti yake.

Jambo lililonigharimu zaidi ni kutoelewa tofauti kati ya kuomba data na kushikilia mkondo. Ukiomba, unapata jibu au unapata kosa, na kazi inaishia hapo. Mkondo ni muunganisho unaobaki wazi saa zote, na unaweza kufa kimya kimya bila kosa lolote kuonekana. Usiku mmoja mtandao wangu uliyumba kwa dakika chache, programu ikaendelea kuamini kuwa imeunganishwa, na asubuhi nikakuta saa sita nzima hazina hata chapisho moja. Tangu hapo nimeweka saa ndani ya programu: zikipita sekunde 60 bila kupokea kitu, inakata yenyewe na kuunganisha upya, ikisubiri sekunde 1, kisha 2, kisha 4, na kuendelea hivyo ili isiielemee seva. Kila tukio la Jetstream hubeba alama ya wakati. Ihifadhi, na unaporudi iambie seva ikuanzishie sekunde chache nyuma ya hapo, kisha utupe yaliyojirudia.

Ugumu wa pili ni maneno yenyewe, na huu hakuna mwongozo wa kigeni utakaokutatulia. Nilipochuja kwa neno "sato", yaani samaki huyo wa ziwani, nililetewa Wajapani wengi, kwa kuwa Sato ni jina la ukoo lililoenea sana kwao. "Dagaa" lilileta mijadala ya rushwa, ya kwamba wanakamatwa dagaa na mapapa wanaachwa. "Kirumba" lilileta mpira wa miguu kwa sababu ya uwanja wa CCM Kirumba, na "Mwanza" likaleta wilaya ya Malawi yenye jina hilohilo. Alama ya lugha nayo isikutulize, maana chapisho la Bluesky huitwa la lugha ambayo programu ya mwandishi imeitaja, na wengi wetu simu zetu zimewekwa Kiingereza. Nilichofanya ni kudai maneno mawili yakae pamoja, kwa mfano "dagaa" na "gunia", au "Nansio" (bandari ya Ukerewe) na "meli", na hapo takataka zikapungua sana.

Usisahau kuwa mkondo huleta pia taarifa za kufutwa. Mtu akifuta chapisho lake, nawe lifute kwenye kanzidata yako siku hiyohiyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na hata isingekuwapo, maneno ya mtu ni ya mtu.

Hata baada ya marekebisho hayo yote, bei niliyoihitaji haikuwa kwenye mikondo hiyo. Wachuuzi wa mwaloni huzungumzia bei kwenye magrupu ya WhatsApp, ambayo hayana mkondo wa wazi na hayapaswi kuchunguliwa na mgeni. Nilikwenda kuwaeleza ana kwa ana ninachokitaka, nikawatengenezea boti ya Telegram, yaani akaunti inayoendeshwa na programu, ambayo haina malipo na hupokea ujumbe mara unapotumwa. Sasa akina mama wanne hunitumia bei ya gunia kila asubuhi mzigo ukishashushwa, nami huwarudishia bei walizotuma wenzao. Anzia kwa watu wa namna hiyo, kisha mikondo ya Bluesky na Mastodon iongezee habari za usafiri.