Uchovu wa mionzi: majibu kwa wasomaji

Mama yuko wiki ya tatu ya mionzi ya shingo ya kizazi pale hospitali ya saratani ya Ocean Road. Akirudi nyumbani analala mpaka magharibi. Kaka anasema anajidekeza. (Binti, Mbagala)

Hajidekezi, mwanangu, na kaka aambiwe hivyo. Nimewaona kina mama hawa wakisinzia kwenye benchi, kitenge kimewafunika mpaka kichwani, na saa tatu asubuhi haijafika. Mionzi inaua seli za saratani lakini inazigusa na seli nzima zilizo jirani. Mwili unahangaika kuzitengeneza, na kemikali zinazomwagika kwenye damu wakati huo zinamlegeza mtu kama mwenye homa. Mara nyingi uchovu huanza wiki ya pili au ya tatu, huzidi tiba ikielekea mwisho, kisha hupungua polepole. Hapo hujahesabu daladala, kwenda na kurudi, Jumatatu mpaka Ijumaa.

Mchana alale nusu saa tu, na jioni mtembee naye kidogo, hata mpaka dukani. Kisha mwangalie ndani ya kope la chini na viganjani. Pakiwa pamepauka, au akihema kwa hatua chache, kesho mwambieni daktari ampime wingi wa damu. Saratani hii humtoa mtu damu nyingi, na upungufu wa damu una tiba.

Nimeambiwa sukari inalisha saratani, nikaacha uji na wali. Nimepungua kilo 4. (Tegeta)

Rudia uji leo, nakuomba. Ni kweli seli za saratani zinabugia glukosi, yaani sukari ya kwenye damu. Mwanasayansi Mjerumani Otto Warburg aliliona hilo miaka ya 1920. Lakini usipokula, ini linatengeneza glukosi lenyewe, na malighafi yake ni nyama ya misuli yako. Saratani inashiba, wewe unakonda. Tia karanga za kusaga na maziwa, ule kidogo kidogo mara 5 au 6 kwa siku. Mwenye kisukari apange na kliniki yake.

Nilimaliza mionzi ya shingoni, si ya shingo ya kizazi, mwaka jana. Sasa nachoka, nanenepa, nasikia baridi hata Dar hii. (Kigamboni)

Omba kipimo cha tezi ya thairoidi, ile iliyo mbele ya shingo na inayoongoza kasi ya mwili. Mionzi ya shingoni inaweza kuidhoofisha miezi au miaka baadaye, na dawa yake ni kidonge cha kila siku.

Mionzi yangu ni ya mashine ya nje. Naweza kumpakata mjukuu? (Temeke)

Mpakate, bibi. Mionzi hiyo haibaki mwilini.