Mama Lami Anajibu: Nimerudi na vyeti viwili vyekundu, mwaka umepita

*Shikamoo Mama Lami,*

*Mimi ni kijana wa miaka 26, mzaliwa wa kijiji kimoja karibu na Malampaka, wilaya ya Maswa. Septemba 2019 nilikwenda China kusoma uhandisi ujenzi, mwaka wa kwanza ukiwa wa lugha. Januari 2020 nilikuja nyumbani kwa likizo ya mwaka mpya wao na begi moja la mgongoni. Machi wakafunga mipaka. Nikasoma kwa simu sebuleni kwa mjomba, Shinyanga mjini. Kipindi cha saa 2 asubuhi kule, huku ni saa 9 usiku, na mjomba hapendi taa iwake. Nilirudi chuoni mwishoni mwa 2022, nikahitimu Juni 2024.*

*Baba aliuza ng'ombe 11 na ekari nne za pamba. Sasa nakaa kwa shangazi, Tabata. Siku za kontena nakwenda Kariakoo kutafsiri kati ya Wachina na wateja wao wa jumla, napata elfu thelathini. Kampuni moja inayojenga barabara imeniambia niende saiti nikawe mkalimani, laki nane kwa mwezi. Mwalimu wangu wa China ananisihi niombe ufadhili wa shahada ya uzamili. Wakala aliyenipeleka anataka laki tatu ili anishughulikie vyeti TCU, ile Tume ya Vyuo Vikuu. Wenzangu wa kidato cha sita waliosoma hapahapa wameshaajiriwa, mmoja ana gari.*

*Kusema ukweli Mama, maabara za miaka miwili ya mwanzo nilizitazama kwenye kioo cha simu. Koni ya kupimia zege sijawahi kuishika. Naogopa kuumbuka. Baba anapiga kila Jumapili akitoka kanisani, anasema, "Vipi, bado?" Nirudi China, niende saiti kama mkalimani, au nisubiri ajira za serikali?*

*Mhitimu, Tabata*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye ng'ombe 11. Baba yangu mimi aliuza cherehani. Nilikuwa na ufadhili, ila ufadhili haukuwa na koti, na kule nilikokuwa naenda mtu asiye na koti hafiki Desemba.

Nilisoma Kiev. Niliondoka Septemba 1986, miezi mitano baada ya mtambo wa Chernobyl kulipuka, na sisi wageni tuliambiwa tu tusiokote uyoga porini. Mwaka mmoja wa lugha, ule tuliouita podfak, kisha miaka mitano ya barabara na madaraja. Nilipohitimu Juni 1992, nchi iliyonichukua kusoma ilikuwa imekufa tangu Desemba, na mkate tulinunua kwa kuponi. Diploma yangu iliandikwa kwenye karatasi za zamani zilizobaki, zenye nembo ya nyundo na mundu. Nimefika Dar es Salaam, karani wa ofisi moja ambayo sitaitaja akaigeuza juu chini, akaniuliza, "Hii nchi ipo?" Nikamjibu haipo. Akanirudishia.

Miaka ile serikali ilikuwa inapunguza watu, haina habari ya kuajiri. Nikauza misumari na saruji Buguruni miezi 14, halafu nikapata saiti, karani wa stoo. Nilikaa stoo miaka miwili. Mhandisi mkazi alikuwa akiniita jioni nimhakikishie hesabu za kifusi, na nilikuwa namsahihisha kweli, lakini asubuhi nilirudi kugawa buti. Miaka miwili ile leo haimo kwenye faili langu popote. Hakuna aliyeitia sahihi. Shika hilo la sahihi, nitalirudia.

Vyeti kwanza, maana hapo pafupi. China wamekupa vyeti viwili, cha kuhitimu na cha shahada. Wako wanaopeleka kimoja halafu wanalalamika kwamba ombi lao limekwama. Skani vyote viwili, na matokeo ya masomo yote, na tafsiri zake zilizogongwa muhuri wa chuo, na pasipoti yenye viza zako. Ombi la kutambuliwa kwa shahada ya nje unalijaza mwenyewe kwenye mfumo wa TCU mtandaoni, unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu umekaa hapohapo Tabata. Wakala hana mlango wa nyuma ambao wewe huna. Laki tatu nunua buti, kofia ngumu, na umpe shangazi ya umeme.

Na hapo ndipo ninapokugombeza kidogo. Unasema "nisubiri ajira za serikali". Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira umeyasoma hadi chini? Yameandikwa kila mara: vyeti vya vyuo vya nje viwe vimehakikiwa, matokeo ya muda hayapokelewi. Bila barua ya TCU hata kwenye foleni hujasimama. Mwaka mzima umepita hujaanza hilo, na sidhani ni kwa sababu ya laki tatu. Nadhani unaogopa kwamba wataziona zile saa 9 za usiku kwenye karatasi. Hazionekani. Peleka.

Barua ikitoka, nenda nayo Bodi ya Usajili wa Wahandisi ukaandikishwe kuwa mhandisi mhitimu. Kisha ulizia SEAP, mafunzo ya vitendo ya miaka mitatu chini ya mhandisi mtaalamu aliyesajiliwa. Bodi inayaendesha tangu 2003. Enzi zetu kitu hicho hakikuwapo, ndiyo maana niligawa buti.

Sasa ukalimani. Naona kwenye barua yako unaliandika hilo neno kama mtu anayekiri kosa. Mimi nakwambia kazi hiyo ichukue, ila usiichukue jinsi walivyokupa.

Sikiliza kazi yenyewe ilivyo. Saiti za Wachina, mpimaji ni Mchina, fomeni wa greda ni wa Singida, mhandisi mshauri ni Mtanzania au Mkenya, na kila mmoja ana hakika mwenzake ni mjinga. Mkalimani ndiye mtu pekee anayezisikia hoja za pande zote kabla hazijapoa. Anajua kwa nini tabaka la jana limefumuliwa. Anajua nani alisema lori lile la kokoto lina vumbi mno na nani alisema lipite. Mhandisi kijana aliyekaa ofisini na kompyuta hayasikii hayo mpaka yaandikwe barua, na yakishaandikwa barua yameshakuwa uongo nusu. Wenzako wenye magari hawana Kichina. Wewe unacho, na umekipata kwa kukesha.

Hatari iko kwenye mkataba. Namjua kijana mmoja, Kichina chake kinawafanya Wachina wenyewe wageuke kumtazama. Amezunguka saiti miaka minane, Kigoma hadi Lindi wanamjua kwa jina. Mikataba yake yote sita inasema "mkalimani". Mwaka jana alikuja kwangu, ana miaka 34 na watoto wawili, ananiuliza aanzeje SEAP. Anaanza mwanzo, na anayemsimamia alikuwa akimbebea ranging rodi, zile fimbo nyekundu na nyeupe za kupimia mstari. Nilimpikia chai, nikakosa la kumwambia.

Basi kabla hujapanda basi, waandikie. Waombe cheo kisomeke mhandisi mhitimu, na ukalimani uingie ndani kama moja ya kazi zako. Waulize ni mhandisi gani aliyesajiliwa kama mtaalamu atakayekusimamia. Taja kwamba unamtaka kwa ajili ya SEAP, wataelewa, na kama hawana wa kwao, mhandisi mshauri ana watu. Omba siku mbili kwa wiki maabara ya saiti. Mchina wa saiti anaheshimu mtu anayedai kitu kwa maandishi na kwa lugha yake, kwa hiyo barua hiyo iandike kwa Kichina, na nakala ya Kiswahili uweke wewe. Kama kuna kupunguziwa ili upate cheo hicho, kubali laki saba, hata sita na nusu. Wakikataa kabisa, nenda hivyohivyo kwa miezi sita, maana elfu thelathini ya siku za kontena haikusogezi popote. Lakini tarehe ya kuondoka iandike siku ile unayofika, ndani ya jalada la daftari, mahali utakapoiona.

Ukifika, daftari hilo liandike kila jioni. Tarehe, kituo namba ngapi, mmefanya nini, kipimo gani kimetoka. Kila mwisho wa wiki mpe msimamizi asaini. Ataona kero. Mpelekee na chai.

Shahada ya uzamili sikukatazi. Ufadhili wa serikali ya China kwa ngazi hiyo unalipa ada, malazi, na posho ya yuani 3,000 kwa mwezi, kama shilingi milioni moja, na hiyo ni pesa kuliko zote ulizonitajia. Na najua inavyovuta: ukiwa mwanafunzi, "vipi, bado?" ina jibu. Ila nakuuliza, unakwenda kutafiti nini? Umri wa mwisho wa ufadhili ule kwa uzamili ni miaka 35. Una miaka tisa. Kubaki kule kikazi kwa shahada ya kwanza unajua kulivyo, kwa kawaida wanataka uzoefu wa miaka miwili kwanza, na huna. Ukienda leo unakwenda kujificha mahali penye maktaba nzuri. Ukienda baada ya miaka mitatu ya saiti utakuwa na swali lako mwenyewe.

Swali lenyewe naweza hata kulikisia, maana nimefanya kazi kwenu. Mbuga. Ule udongo mweusi wa Usukumani, ukinyeshewa unavimba, ukikauka unapasuka nyufa ambazo mtoto anapoteza kiatu. Barabara ngapi nimeziona zimetandikwa lami safi juu yake, msimu mmoja tu mabega yanafunguka na katikati panainuka kama mgongo wa ng'ombe. Tiba zipo: kuuchimba na kujaza changarawe, kuuchanganya na chokaa, na zaidi ya yote kuyaweka maji mbali nao. Kila tiba ina bei, na changarawe nzuri kwenu inatoka mbali. Reli ya kisasa ya kutoka Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, inajengwa na kampuni za China na inapita hapo Malampaka. Unaona unakoelekea? Kati ya waliosoma kwa Kichina, wangapi wamekulia juu ya mbuga?

Kuhusu koni, nilitaka kukuficha lakini sitakuficha: nilicheka. Koni ina urefu wa milimita 300, mdomo wa juu 100, wa chini 200. Unailowesha, unaiweka kwenye sahani ya chuma, unasimama juu ya masikio yake. Unajaza zege kwa tabaka tatu, kila tabaka unaichoma na ile fimbo ya chuma mara 25. Unasawazisha juu, unainua koni wima bila kuitikisa, unaigeuza kando ya zege na kupima limeporomoka kiasi gani. Umemaliza. Michemraba ya zege ya milimita 150 unaivunja siku ya 7 na siku ya 28. Fundi wa maabara yeyote atakufundisha asubuhi moja ukimwambia hujui, na atakutesa mwaka mzima ukijifanya unajua. Mimi siku ya kwanza kwenye saiti ya kweli nilisoma kipimo cha levo, kile chombo cha kupimia usawa wa ardhi, juu chini, maana vile vyombo vya zamani vilipindua picha na nilisahau. Nilitaka kuchimba mlima pasipo na mlima. Jina la Mama Lami lilikuja baadaye sana.

Limebaki la mzee. Jumapili hii usingoje akupigie. Mpigie wewe Jumamosi jioni, akishafunga zizi. Mwambie umepeleka vyeti TCU, uwe umevipeleka kweli, na kuna kazi ya saiti unaandikiana nao. Asipate nafasi ya kusema "bado", mrukie na swali: kutoka kisimani kwenu mpaka barabara kuu, ni wapi nyufa zinatangulia kiangazi, na lori la pamba hukwama wapi kwanza mvua zikianza? Muulize na zamani, kabla hujazaliwa, palikuwaje. Atakujibu kwa muda mrefu, kwa hiyo weka salio la kutosha, na uwe na kalamu.