Kusema "sina rekodi ya uhalifu" kwa Kijapani

Ndugu, umeuliza uandikeje kwenye wasifu wa kazi wa Kijapani kwamba hujawahi kutiwa hatiani. Usitafsiri neno kwa neno. Fomu ikiwa na sehemu ya shōbatsu, yaani tuzo na adhabu, nawe huna tuzo kubwa wala hukumu, andika 賞罰なし (shōbatsu nashi, yaani "hakuna tuzo wala adhabu"), basi. Kwa mdomo sema "zenka wa arimasen".

Hapa ndipo uwe makini: zenka (前科) ni hukumu ya hatia. Aliyechunguzwa na polisi kama mtuhumiwa kisha asihukumiwe ana zenreki (前歴), si zenka. Ukiyachanganya hayo mawili unajipaka matope bure. Ukitakiwa hati ya polisi ya rekodi ya uhalifu, inaitwa hanzai keireki shōmeisho. Hutolewa ndani ya bahasha iliyofungwa. Tafadhali usiifungue, maana itapoteza nguvu.