Re: Ua la petali sita halifungi

Waalaikum salaam, ndugu. Unasema ukichora ua la petali sita kwa bikari, tao la sita linapita alama ya kwanza badala ya kuiangukia. Kwanza angalia bikari: kama skrubu imelegea, au ncha inapanua tundu la katikati, kipimo kimeshahama. Kwenye mbao ncha hufuata nyuzi, kwa hiyo mimi huchora kwenye karatasi ngumu kisha nanakili mlangoni.

Usizunguke upande mmoja mara sita, kosa hujilimbikiza. Piga mstari kupitia kitovu. Kila mahali mstari huo unapokata duara, simamisha ncha na ukate matao mawili kwenye duara, huku na huku, bila kubadilisha upana wa bikari uliochorea duara. Alama sita tayari.

Umeuliza kama petali sita ni siku sita za uumbaji. Wengine husema hivyo. Kwangu sita inatokana na nusu kipenyo chenyewe: ukikipima kwa bikari kuzunguka duara, kinaingia mara sita. Hata kwenye milango ya kuchongwa ya Lamu, ua hili nalisoma kama pambo tu.