Kocha Ajibu: Mashine ya Kukimbilia na Mwendo Wako

*Kocha, tangu mvua zianze nakimbilia ndani, kwenye mashine ya jimu. Naona hatua zangu zimekuwa fupi na unyayo unatua bapa. Je, mashine inaniharibia mbio? (Msomaji, Ntinda, Kampala)*

Haikuharibii; mwili wako unajihadhari tu. Kwenye mashine ya mota yenye mkanda tambarare, mkimbiaji ambaye hajaizoea hufupisha hatua na kuongeza idadi yake kwa dakika, hutua kwa unyayo mzima zaidi kuliko kwa kisigino, na mwili wake hupanda na kushuka kidogo kuliko barabarani. Tofauti hizo ni ndogo, na wengi hutulia baada ya dakika sita hadi nane za kukimbia bila kushika vishikio, kwa hiyo usiupime mwendo wako kwa dakika ya kwanza.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni hali ya mashine yenyewe. Mota ikiwa dhaifu, na hasa mkimbiaji akiwa mzito, mkanda husita kila mguu unapotua kisha hushika kasi tena, na hatua hubadilika kwa kosa ambalo si la mkimbiaji. Ubao ulio chini ya mkanda nao una athari yake, kwa maana ukiwa laini mguu hujikaza ili kufidia ulaini huo, na ndiyo sababu mashine mbili zilizo ubavu kwa ubavu katika jimu moja zinaweza kukupa mbio mbili tofauti. Chagua moja uizoee. Usihamishie kilomita zako zote ndani kwa wiki moja, kwa kuwa kano iliyo nyuma ya kisigino imeonekana kubeba mzigo mkubwa zaidi kwenye mashine kuliko ardhini. Maumivu yakianza hapo au kwenye shavu la mguu, punguza mara moja.

*Jimu yetu imeleta mashine iliyopinda kama bakuli, isiyo na umeme. Nachoka upesi ingawa kasi inayoonyeshwa ni ndogo. Kwa nini? (Msomaji, Jinja)*

Kwa sababu mkanda huo unauzungusha wewe. Kila hatua inatua mbele, juu kidogo ya sehemu ya katikati, na uzito wako ndio unaouvuta mkanda nyuma, hivyo kwa kasi ile ile moyo hupiga haraka zaidi na mwili hutumia oksijeni nyingi kuliko kwenye mashine ya mota. Hatua huwa fupi na za haraka. Ninaipenda kwa mbio fupi za nguvu, tena umeme ukikatika haisimami, lakini usilinganishe namba zake na za barabarani: pima juhudi kwa pumzi yako.

*Ni kweli kuna mashine inayopunguza uzito wa mtu aliyeumia? (Msomaji, Mbarara)*

Ipo, na wazo lake lilitokana na kazi ya watafiti wa NASA. Mkimbiaji hufungwa kiunoni ndani ya chumba cha hewa yenye shinikizo, ambayo humwinua na kumwondolea hadi asilimia 80 ya uzito. Miguu hupata nafuu kubwa, lakini mtu huelea muda mrefu kati ya hatua na idadi ya hatua hupungua, kwa hiyo uzito urudishwe taratibu, chini ya uangalizi wa mtaalamu wa viungo.

*Naambiwa nikiinua mashine kwa mwinuko wa asilimia 1 inakuwa sawa na barabara. Je, inatosha kujiandalia mbio za milima? (Msomaji, Mbale)*

Kanuni hiyo ilitokana na utafiti wa Jones na Doust uliochapishwa mwaka 1996, nayo inafidia upepo ambao ndani haupo. Ilipimwa kwa wakimbiaji wenye kasi ya kuanzia takriban kilomita 10.5 kwa saa. Ukikimbia polepole zaidi ya hapo, upepo si kitu, na huna haja ya kuinua chochote. Kwa milima haitoshi. Mashine nyingi hupanda tu, ilhali anayeshuka vilima kama Wanale au Muyenga hutumia misuli ya mbele ya paja kujizuia kwa kila hatua, na kazi hiyo mkanda unaopanda haukufundishi. Pandia mashine ukitaka, lakini tenga siku moja kila wiki ya kushuka mteremko halisi, kwa hatua fupi, na uanze na mteremko wa wastani.